Siku moja na utenzi wa mkonge

Saa 11 alfajiri. Naamka kabla ya adhana. Si uchamungu, nyumba yetu ya Ngamiani, hapa mjini Tanga, ikishaamka, hapana tena pa kukaa nikahesabu mizani, yaani silabi za kila kipande, kwa vidole.

Utenzi ninaouandika ni wa mkonge wa Tanga, tangu miche ya kwanza ya mwaka 1893. Bahari yake, kina kinachofunga kila ubeti, ni -ya, ile ile aliyoitumia Mwana Kupona mwaka 1858 alipomuusia binti yake. Wapo malenga wanaoiita bahari ya wavivu, kwa kuwa kitenzi chochote ukikisukuma kidogo kinaishia huko: salia, kimbilia, ngojea. Sawa, lakini vina havijawahi kuninyima usingizi. Kinachonitesa ni vijazio. Mizani ikipungua moja tu, mkono unakimbilia “hakika”, “jamani”, “sikiya”, na ubeti unajaa maneno yasiyo na kazi. Tenzi nyingi za siku hizi zinafia hapo.

Leo nina ubeti wa Hindorf, yule Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Idadi yenyewe ni zawadi: “ni sitini na miwili” ni mizani nane kamili, huongezi wala hupunguzi.

Ilitoka nchi mbali
mingi ikafa awali
ni sitini na miwili
ndiyo iliyosaliya

Kipande cha pili kinaniudhi. “Awali” gani? Ilikufa safarini. Neno limekaa pale kwa sababu ya -li tu.

Saa 1 asubuhi. Chai, mbaazi za nazi na mahamri, kisha baiskeli.

Saa 2. Steshenari. Mwezi wa usajili wa wanafunzi ni fotokopi mtindo mmoja: vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, barua za mtendaji. Mashine inaunguruma kwa mapigo sawa, na nikiwa peke yangu naipitishia vipande vya utenzi. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini mwa mji huu, alikuwa karani wa serikali miaka mingi, na katika maisha hayo ya ofisini akaandika utenzi wa Vita Kuu ya Pili wenye beti zipatazo 3,000. Nikiambiwa na mtu kwamba anasubiri msukumo, huwa namkumbuka yeye.

Saa 5. Dada mmoja anataka maneno ya kadi ya mchango wa harusi. Haya ndiyo mashairi yanayonilipa. Nampa beti mbili za nane kwa nane, anaomba niongeze “kwa heshima na taadhima”. Naongeza. Kwenye kadi vijazio ruksa, mteja ndiye mwenye harusi.

Saa 7 mchana. Mzee anakuja kutoa kopi za hati ya shamba.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Toa mbili mbili.”

Karatasi zikitoka ananisimulia habari za migomba aliyoletewa na mkwewe kutoka Lushoto. “Nimeipanda yote, nimeimwagilia, lakini haikukubali.”

Nikasimamisha mashine, mzee akadhani karatasi imekwama. Mi-ngi-ha-i-ku-ku-ba-li. Nane! Na -li yake imo, na ndivyo mkulima asemavyo mche usiposhika. Neno nimelisikia tangu utoto, lakini mezani alfajiri halikuja, maana pale nilikuwa natafuta kina. Nikaliandika nyuma ya risiti mzee akinitazama. Sikumdai hela ya kopi.

Saa 10 jioni. Mchana umepita bila la maana, isipokuwa nimegundua kwamba “Azimio la Arusha” nalo lina mizani nane. Ikija zamu ya mwaka 1967 na kutaifishwa kwa mashamba, kipande kimoja nitakikuta tayari. Mambo ya namna hii yananifurahisha kuliko inavyostahili mtu mzima.

Saa 3 usiku. Namsomea Mama. Yeye si msomi wa fasihi, ila sikio lake linakamata mizani iliyopungua haraka kuliko vidole vyangu. Ubeti wa miche ameupitisha. “Haikukubali” amelirudia mwenyewe. Kisha nikaendelea na beti za manamba, watu walioletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge.

“Zimenyooka,” akasema. “Lakini babu yako alikuwa akirudi mikono imechanika. Humo ndani sijasikia mwiba hata mmoja.”

Nikataka kumjibu kwamba hilo linakuja mbele. Haliji, beti hizo nimezisoma tena na ni kweli, manamba wangu wanakata mkonge kama wanaochuma mchicha.

Saa 4. Watoto wamelala. Nimeanza ubeti mpya kwa neno “miba”. Vina vya -ba ninavyo: miba, haba, na kibaba cha posho. Vinatosha vipande vitatu. Cha nne kitarudi kwenye -ya, nacho sijakipata.