Hotuba Iliyopoza Ngoma

Usiku ule wa Julai kule Chamwino, ratiba ilimpa mgeni rasmi dakika 10. Mimi msimamizi wa jukwaa nilimwandikia 25 kwenye karatasi yangu, maana wageni rasmi nimewasikiliza wengi. Alipomaliza ukurasa wa kwanza, akaikunja hotuba akaitia mfukoni. Nikajua hata hizo 25 hazitoshi.

Shida ilikuwa ngoma. Igizo letu lilifunguliwa na kina mama wa muheme, ngoma ya Wagogo, wale wanaopiga ngoma wakiwa wameibana mapajani, na ngozi ya ngoma haijali ratiba. Ukiipasha motoni inakaza na sauti inapanda; ikipigwa na upepo wa Dodoma usiku inalegea, mlio unakuwa butu. Ukiizidisha, inachanika ukingoni ilipowambwa, na usiku huo nani akuwambie nyingine?

Mafunzo ya jukwaa ya Uingereza yanasema tangazo la "nusu saa" kwa wasanii litolewe zikiwa zimebaki dakika 35 kabla ya pazia, kwa sababu nusu saa hiyo inahesabiwa hadi wasanii wa mwanzo wasimame tayari, dakika 5 kabla ya pazia. Hesabu nzuri, ila inataka ujue pazia linafunguliwa saa ngapi.

Moto tulikuwa tumeuwasha nyuma, upande ambao upepo unapeleka cheche mbali na mapazia na nyaya, ndoo mbili za mchanga pembeni. Nikamwambia msaidizi wangu kwa redio kolu aziondoe ngoma, azifunike kwa khanga, abakize makaa tu. Kuni zilizobaki zikawekwa kwa awamu ya pili. Fundi taa akazima taa zote za jukwaa isipokuwa mbili za kumulika mzungumzaji, kwani jenereta ilikuwa inakunywa dizeli ya igizo na haijazwi ikiwa inanguruma.

Kuanzia hapo sikuangalia saa, nilimwangalia mshereheshaji. Akisimama kupokea maikrofoni, bado kuna neno la shukrani, zawadi na picha ya pamoja: dakika 7 au 8, zinazotosha kupasha ngoma upya. Huku nikimulika meza ya vifaa kwa tochi niliyoizungushia karatasi ya bluu. Kila kibuyu na kila fimbo ina umbo lake lililochorwa kwa utepe mweupe mezani, kwa hiyo kikikosekana kitu unaona nafasi tupu, huhitaji kuhesabu.

Mshereheshaji akasimama. "Moto," nikasema redioni.

Uamuzi wa mlio haukuwa wangu. Mama kiongozi alipiga kiganja ukingoni, kisha katikati, akasikiliza. Msaidizi akanirushia maneno yake kama yalivyo: "Mwambie asubiri, mwanangu. Hizi ndogo zinalia, kubwa bado."

Wapiga picha walikuwa wameshamaliza. Nikamwomba mshereheshaji awapange viongozi wa vijiji kwa picha nyingine. Kazi hiyo haikatai mtu Dodoma. Kisha redio ikalia tena: tayari.

"Taa ya 3 jiandae. Ngoma jiandaeni." Neno la kuanzia kwetu lilikuwa "twende", na kwa sababu hiyo lilipigwa marufuku kwenye maongezi mengine yote ya redio, fundi taa akilisikia, mkono unakwenda wenyewe. "Twende."

Kwenye ripoti ya usiku ule niliandika: hotuba dakika 41, kuni zimekwisha, dizeli imebaki chini ya robo, onyesho la kesho uongezwe mzigo mmoja wa kuni.