Somo la chokaa chini ya daraja la Knaresborough

Tulifika Knaresborough, mji wa gulio huko Yorkshire, Jumatano moja ya Aprili, siku yenyewe ya soko. Fundi mkuu hakutupeleka sokoni. Alitushusha hadi ukingo wa mto Nidd, chini ya daraja la reli, akasema: "Kabla hamjashika mwiko, jueni la kwanza lilianguka kwa nini."

Daraja la kwanza lilikaribia kukamilika lilipoporomokea mtoni tarehe 11 Machi 1848. Mto ulikuwa umejaa na ujenzi wenyewe ulikuwa duni. Mawili hayo husaidiana kuua. Chokaa ya kawaida haishiki kwa kukauka tu. Huvuta kabonidioksaidi ya hewani polepole, kuanzia nje kwenda ndani, hivyo moyo wa nguzo nene hubaki laini muda mrefu, na maji yakiufikia huuosha. Tao nalo husukuma pembeni, likiegemea tao jirani. Nguzo moja ikipinda, tao lake hufunguka, na msukumo wa tao la pili, ukikosa wa kuupokea, huibeba nguzo inayofuata. Chokaa iliyomwagika siku ile iliua samaki wa Nidd, kwa kuwa chokaa mbichi huchoma matamvua.

Treni za kutoka York zililazimika kuishia Hay Park Lane, nje ya mji, mpaka daraja la pili lilipofunguliwa Oktoba 1851. Ndilo hili lililopo: matao 4 ya mawe, urefu wa kwenda juu kama mita 24, gharama pauni 9,803. Kingo zake zimechongwa meno kama ya ngome, ziendane na magofu ya ngome yaliyo karibu. Mimi naona walifanya vizuri.

Mchana tukaenda kwenye ukuta wa zamani wa bustani ambao viungo vyake, yaani nafasi kati ya jiwe na jiwe, viliwahi kuzibwa kwa saruji. Mawe yalikuwa yamebanduka nyuso, saruji imesimama nzima. Saruji ni ngumu kuliko jiwe laini kama hilo na haipitishi unyevu kwa urahisi. Maji hunaswa nyuma yake, jalidi huyagandisha, yanatanuka, jiwe linapasuka. Mji Mkongwe wa Unguja nao umesimama kwa chokaa, ila huko hakuna jalidi.

Tulikwangua saruji kwenye viungo kwa patasi hadi milimita 25 ndani, au mara mbili ya upana wa kiungo kama ni kipana. Tukasafisha vumbi, tukalowesha jiwe. Jiwe kavu hunyonya maji ya mchanganyiko, chokaa ikabaki unga. Mchanganyiko: chokaa inayoshika hata penye maji kipimo 1, mchanga mkali 2.5, maji kidogo. Tukashindilia kwa tabaka. Ilipoanza kukaza tukaigonga kwa brashi ngumu, uso ubaki na vinyweleo. Mwisho tukaufunika ukuta kwa magunia yaliyoloweshwa, yanyunyizwe maji kila siku kwa wiki nzima. Joto likielekea kushuka chini ya nyuzi 5, kazi isianze kabisa.