Wake wa askari

Leo asubuhi nimemkuta habuba, yaani bibi yangu kwa Kinubi, barazani akisuka tabaga, kifuniko cha chakula. Nikaketi mkekani kumpokeza nyuzi, nikamuuliza tena habari za babu yake, yule askari.

Alikuwa Mmakaraka, akachukuliwa angali mvulana, akatiwa katika jeshi la Misri kule Ekwatoria, kusini mwa Sudan. Wengi wao waliingia jeshini hivyo: kwa kutekwa. Gavana wao alikuwa Emin Pasha. Khartoum ilipoangukia mikononi mwa Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, Januari 1885, njia ya Nile ikafungwa. Meli hazikuja tena, wala mshahara, wala nguo. Wakalima pamba, wakajifumia vitambaa vyao. Habuba anasema bibi yake alisokota nyuzi mpaka uzeeni.

Mwaka 1889 mvumbuzi Stanley akaondoka na Emin hadi Bagamoyo. Askari wengi wakabaki na ofisa wao Selim Bey huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, na ndiko Mwingereza Lugard alikowakuta mwaka 1891 akawaingiza Uganda. Hapo vitabu huniumiza. Vinahesabu askari mia kadhaa, kisha vinataja maelfu ya “wafuasi”. Wafuasi! Hao walikuwa wake, watoto, wajane, wakwe. Na watumwa wa nyumbani pia, hilo sitalificha. Mwanamke ndiye aliyelima, akapika, akauguza majeraha, akabeba mtoto mgongoni na chungu kichwani. Bila yeye askari yule asingefika popote.

Ndiyo maana maasi ya 1897, askari hao walipowageuka wakubwa wao Waingereza, nayaelewa kwa namna yangu. Askari hao walikuwa wamechoshwa na vita visivyokwisha, Nandi, kisha Buddu dhidi ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Hawajapumzika, wakaamriwa waandamane na Meja Macdonald kwenda kaskazini, mbali. Mshahara wao ulikuwa rupia 4 kwa mwezi, ukichelewa, ukilipwa kwa vitambaa, ilhali wapagazi wa pwani walipata zaidi. Na juu ya yote, watengane na wake na watoto wao. Walilisema hilo wazi pale Eldama Ravine mwezi Septemba, kabla ya kuondoka kwa hasira kuelekea Busoga. Huko, katika boma la Luba, waliwaua Waingereza watatu waliokuwa mateka wao. Siwezi kuliita jambo hilo haki. Lakini mtu aliyenyakuliwa kwao utotoni, akajijengea jamaa upya njiani, ukimwambia sasa aiache na hiyo, unamwondolea kila alicho nacho.

Babu yake habuba hakuasi. Alikuwa Kampala, na mkewe alikuwa naye.

Baadaye askari hao na jamaa zao, ndio Wanubi wa leo, wakaja Nairobi, wakapewa mahali pa kuishi msituni, wakapaita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Ardhi ilikuwa zaidi ya ekari 4,000. Mwaka 2017 jamii yetu ilipopata hati ya ardhi hiyo, ziliandikwa ekari 288. Siku ile habuba alivaa gurbaba, vazi la wanawake wa Kinubi, nzuri kuliko zote alizo nazo, akalia.

Leo nimemuuliza kama babu yake aliwahi kusimulia vita. Akatikisa kichwa. Mzee alikuwa akisimulia safari ya kutoka Kavalli tu: nani alibeba mtoto wa nani, nani alijifungua njiani, nani alibaki nyuma na mama mgonjwa. Majina yote aliyajua, na habuba anayajua bado. Amenitajia kumi na moja, kisha akaniomba nimpe uzi mwekundu.