Kamba za Ndani ya Ngome

Ndugu wapendwa katika Kristo, somo la juma hili ni Matendo ya Mitume 21:27 hadi 22:29. Naomba tulisome polepole, maana tumezoea kumtazama Paulo peke yake na kuwapita askari waliokuwa pale.

Watu walikuwa wamemburuta nje ya hekalu, milango ikafungwa nyuma yake, nao wakawa wanampiga kwa nia ya kumuua. Jemadari wa kikosi alipopata habari kwamba Yerusalemu yote imechafuka, alishuka mbio pamoja na askari na maakida, na wale watu walipowaona tu, wakaacha kumpiga. Hatusomi kwamba upanga wowote ulichomolewa. Msukumano ulipozidi kwenye ngazi za ngome, askari walilazimika kumbeba Paulo juujuu ili umati usimfikie. Anayeshikilia kwamba nguvu ya dola ni dhambi siku zote ana kazi ya kutueleza ngazi zile.

Muda si mrefu Paulo yuko ndani, umati uko nje, na hatari imepita. Ndipo jemadari yule yule anaamuru apigwe mijeledi ili ijulikane kwa nini watu wanampigia kelele. Wanamfunga kwa kamba. Kule ngazini nguvu ilikuwa na mtu wa kumwokoa, lakini hii ya ndani haimwokoi yeyote. Inamwadhibu mtu ambaye hajahukumiwa, na swali la Paulo kwa akida aliyesimama karibu, kama ni halali kumpiga mijeledi mtu aliye raia wa Rumi naye hajahukumiwa, linagusa jambo hilo hasa.

Ghasia zinapozuka, mistari ya Warumi 13 kuhusu mwenye mamlaka asiyeuchukua upanga bure husomwa upesi sana, na mara nyingi husomwa na sisi tulio mbali na moshi. Sikatai mistari hiyo. Askari anayerushiwa mawe ana mwili na hofu kama mtu mwingine, na mwenye duka linalochomwa moto ana haki ya kulindwa. Hata hivyo Paulo anamwita mwenye mamlaka mtumishi wa Mungu, na mtumishi ana mipaka aliyowekewa. Askari walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kudhulumu watu na kuwashitaki kwa uongo.

Mataifa nayo yameandika mipaka hiyo. Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinataka njia zisizo za nguvu zitangulie pale inapowezekana, risasi ya kuua itumike tu pale ambapo hakuna namna nyingine ya kuokoa uhai, majeruhi wapewe matibabu haraka, na anapouawa au kujeruhiwa mtu taarifa itolewe.

Hilo la taarifa linanirudisha kwa jemadari wetu, Klaudio Lisia. Katika sura ya 23 anampeleka Paulo Kaisaria usiku chini ya ulinzi wa askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, na kumwandikia liwali Feliki kwamba alimwokoa mtu huyu baada ya kujua kuwa ni Mrumi. Kumbe alijua baadaye, Paulo akiwa amekwisha kufungwa tayari kwa mijeledi. Barua yake haizitaji zile kamba.