Nyumba ya Karen, tukianzia jikoni

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo pale Makumbusho ya Karen Blixen, nyumba ya mwandishi wa Kidenmark pembezoni mwa Nairobi, macho yangu hayaendi kwanza kwenye ngozi za wanyama na vitanda. Huenda kwenye paa.

Paa lenyewe ni la vigae vyekundu, limeteremka mpaka likaifunika varanda, na chini yake kuta nene za mawe. Hakuna ghorofa. Vyumba vimefuatana vikajinyoosha kwenye nyasi kana kwamba ardhi ilikuwa ya bure, na kwa waliojenga, karibu ilikuwa ya bure. Varanda inazuia jua la mchana na mvua ya masika, lakini pia inakula mwanga, ndiyo maana ndani kuna kagiza kidogo hata saa tano asubuhi. Zile meko za kuotea moto vyumbani si pambo: hapa ni zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai ya huku wakazi wa Nairobi tunaijua. Wazungu wa mwanzo walijenga nyumba nyingi za namna hii viungani mwa mji. Kadhaa nilizozijua mimi zimeshabomolewa kupisha maghorofa.

Aliyeijenga hii ni mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, mwaka 1912. Karen Blixen na mumewe Bror waliinunua 1917. Walitalikiana 1925, Karen akabaki kuendesha shamba la ekari 6,000 hivi, 600 kati ya hizo zikiwa za kahawa. Kahawa haikupenda mwinuko ule, mvua nayo ikawa na kigeugeu, na 1923 kiwanda cha kahawa kikaungua. Kufikia 1931 yote yalikuwa yameuzwa, naye akarudi Denmark.

Hayo utaambiwa na mwongozaji yeyote. Mimi naomba uzunguke nyuma.

Jiko liko peke yake, limetengwa na nyumba. Sababu ya kwanza ni moto na moshi wa kuni, siibishi. Lakini ramani ya nyumba hupanga pia nani aonekane na nani asionekane. Mgeni aliyeketi varandani hakuwa na haja ya kujua chakula kimetoka wapi. Kilitokea mezani tu. Na mpishi hakuwa mtu wa hivi hivi: Kamante Gatura, aliyefika kwa mama huyo akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa na wamishenari wa Kiskoti kule Kikuyu, kisha akajifunza mapishi ya Kizungu hadi wageni wakamsifu. Mlinzi wa pesa na funguo alikuwa Farah Aden, Msomali. Ukiniuliza ni nani aliyeijua nyumba hii kila pembe, nitawataja hawa wawili kabla ya mwenye hati.

Kuna na jiwe la kusagia lililogeuzwa meza, nje. Hapo ndipo mama alipokaa kuzungumza na Wakikuyu waliokuwa wakiishi shambani kama maskwota, yaani wakazi waliolipia makazi yao kwa kazi, ambao sheria iliwadai siku 180 za kazi kwa mwaka. Kwa hiyo shughuli za shamba zilimalizwa nje, chini ya anga. Shamba lilipouzwa alihangaika mpaka serikali ya kikoloni ikawapa watu wake mahali pa kuhamia pamoja, katika msitu wa Dagoretti. Hilo nampa haki yake, ingawa swali la nani alikuwa na ardhi hiyo mwanzo linabaki palepale.

Baada yake aliishi hapo afisa mmoja wa jeshi la Uingereza mpaka alipofariki 1954. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba ikaipa Kenya kama zawadi ya uhuru, pakawa chuo cha lishe. Filamu ya 1985 iliyosimulia maisha yake, Out of Africa, ndiyo iliyoamsha watu, na 1986 makumbusho yakafunguliwa.

Sasa, wanafunzi wale wa lishe ndio wananikosesha usingizi. Vijana wa Kenya huru, wamekuja kusomea chakula katika nyumba ambayo jiko lake lilifukuzwa nje! Ukitembezwa humo ndani, wanatajwa kwa sentensi moja, kisha mnarudi kwa baroness, yaani Karen mwenyewe. Kama mama yako au shangazi yako alisoma pale, tafadhali muulize walikuwa wakipikia wapi, halafu uniandikie. Nataka kuchora ramani ya miaka hiyo pia.