Nimemwita mara tatu

Nimemaliza sasa hivi Fahrenheit 451, hadithi ya kisayansi ya Ray Bradbury kuhusu dunia ya kesho, bado nimekishika kitabu.

Kimetoka 1953. Kuna mke analala na viredio vidogo masikioni, mumewe yuko pembeni yake kitandani na hampati kabisa. 1953 jamani, hata redio ya transista, ile ndogo ya kubeba mkononi, ilikuwa haijaingia sokoni!

Nikainua macho nimsimulie mdogo wangu. Nikamwita mara tatu, kimya. Hedifoni masikioni, anatabasamu peke yake, midomo inacheza bila sauti.

Nimeshtuka kwa kweli, maana kila siku namuona hivyo na sikuwahi kumuona.

Sasa wanaoandika leo wanaiona kesho yetu ikoje? Nyie hadithi gani ya kisayansi iliwashtua hivi, niambieni nianze nayo usiku huu huu