Maji moto kutoka kwenye friji ya bucha

Wiki jana mteja wangu wa Kilimani alinitumia video ya kiyoyozi kinachopasha maji ya kuoga. "Fundi, hii unaweza?"

Naweza. Joto ambalo kiyoyozi kinalitoa chumbani, pamoja na lile la stima inayoendesha kompresa, lote hutupwa nje. Ukiligeuzia kwenye maji kabla halijapulizwa na feni, umepata. Shida ni Nairobi yenyewe: maji moto tunayalilia Julai, na Julai nani anawasha kiyoyozi? Mombasa vinakesha vikinguruma, lakini huko maji ya bomba yanakutokea na uvuguvugu wake tayari.

Mimi joto la bure nimelipata buchani.

Kuna mzee mmoja Kayole, ploti ni yake: chini anauza nyama, juu anakaa na familia. Kompresa ya chumba chake cha baridi haijui Julai wala Januari. Paipu inayotoka humo kwenda kondensa, ile wavu ya feni inayopoza gesi, nilipoipima ilisoma nyuzi 74. Nikavuta gesi yote kwenye mtungi, nikakata, nikachomelea paipu ya shaba yenye kuta mbili na kupitisha maji kuizunguka. Kuta mbili kwa sababu gesi ya friji hutembea na oili; ukuta mmoja ukitoboka, watoto wataioga. Kondensa nikaiacha palepale. Tangi likishajaa moto, gesi lazima ipate pengine pa kupoa, la sivyo presha inapanda na nyama inaharibika.

Pampu sikuweka. Tangi la lita 120 liko juu ya kompresa, kwenye ngazi. Maji yakipata moto yanapanda yenyewe, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi.

Hivyo ndivyo nilivyomwahidi. Kesho yake saa kumi na moja asubuhi simu ikalia.

"Kijana, haya maji umesema ni moto?"

Nikaenda mbio. Paipu chini inaunguza, tangi ni baridi kama mto. Nilikuwa nimeikunja paipu ikapanda juu ya boriti kisha ikashuka kidogo, upana wa kiganja tu, na hapo kwenye nundu hewa ilikuwa imekaa kama askari wa geti. Miaka kumi na tano kazini! Nikainyoosha ikawa mpando mtupu hadi tangini. Kufikia saa nne mzee alikuwa amechovya mkono na kuutoa haraka.

Lita 100 kutoka nyuzi 18 hadi 45 ni kama uniti 3 za stima. Familia ile ilikuwa ikizinunua kila siku kwa ajili ya shawa, nawe bei ya tokeni unaijua.

Mama mwenye nyumba ana lalamiko moja: stima ikipotea, maji nayo hayapati moto. Ni kweli. Ila stima ikipotea, mzee huwa hakumbuki kuoga. Yuko barabarani anatafuta barafu.